Amri Zisizogawanyika na Chombo Kinachonyamaza

Katika kazi ya kutunga programu za kompyuta, hapana chombo kinachoaminiwa na wanafunzi kuliko ile programu ya kusaka hitilafu ambayo mafundi huiita diboga. Mwanafunzi ambaye programu yake imetoa jibu lisiloeleweka huiweka chini ya diboga, huiamuru itekelezwe amri moja moja, na baada ya kila amri husoma yaliyomo katika rejista za prosesa na katika kumbukumbu. Hudhani kwamba anayoyaona ni yale yale yanayotokea programu inapokwenda kwa kasi yake ya kawaida, isipokuwa tu yamepunguzwa mwendo, kama filamu inayozungushwa polepole. Mara nyingi dhana hiyo ni sahihi. Ipo hata hivyo sehemu moja ya programu za siku hizi ambapo si sahihi kabisa, na sehemu hiyo ndiyo aghalabu yenye hitilafu zilizo ngumu kuliko zote kupatikana.

Yafaa kwanza kueleza jinsi mwendo huo wa hatua moja moja unavyofanyika. Prosesa ya Intel 8086, iliyotolewa mwaka 1978, ilikuwa na biti moja katika rejista ya hali ambayo, ikiwashwa, huifanya prosesa ikatize kazi yake kila imalizapo amri moja na kuipisha programu nyingine. Prosesa za ukoo huo zingali na biti hiyo mpaka leo. Prosesa nyingine zina njia zinazofanana na hiyo. Na pale ambapo hapana njia yoyote, diboga huifunika kwa muda amri inayofuata kwa amri ya kusimama, kisha huirudisha ile ya asili. Lililo muhimu kwa mjadala huu ni kwamba kati ya hatua moja na nyingine mambo mengi hutokea. Prosesa hukatizwa, mfumo endeshi huingia, diboga hupewa zamu, humwonyesha mtu matokeo, humngoja abonyeze kitufe, ndipo programu irudishiwe prosesa. Kwa mtu aliyeketi mbele ya mashine hiyo ni hatua moja. Kwa prosesa ni safari ya maelfu ya amri za programu nyingine, kwenda na kurudi.

Sasa na ichukuliwe kazi ndogo kabisa: kuongeza moja katika idadi iliyomo katika kumbukumbu inayotumiwa na prosesa mbili kwa pamoja. Kazi hiyo ina sehemu tatu, yaani kusoma, kujumlisha na kuandika. Ni mfano wa makarani wawili wa chama cha ushirika wanaotumia daftari moja. Wa kwanza anasoma kwamba magunia ya kahawa yaliyomo ghalani ni 40. Kabla hajaandika kitu, wa pili naye anasoma 40. Kila mmoja amepokea gunia moja, kila mmoja anaandika 41, na gunia moja limepotea katika hesabu ilhali limo ghalani. Hapana karani aliyekosea kujumlisha. Mkaguzi akimwita kila mmoja peke yake na kumtaka arudie kazi yake polepole, atamwona kila mmoja akifanya kila jambo kama ipasavyo.

Wasomaji wengine huenda wakayaona haya kuwa mambo ya vitabuni. Siyo. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 mashine ya kutibu saratani kwa mnururisho, iliyojulikana kwa jina la Therac-25, iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mnururisho uliopita kiasi kwa mbali sana, na baadhi yao walikufa. Miongoni mwa hitilafu zilizogunduliwa ilikuwamo moja ya namna hii hasa. Sehemu moja ya programu ilikuwa ikipanga sumaku za mashine, kazi iliyochukua kama sekunde 8, ilhali sehemu nyingine ilikuwa ikipokea maandishi ya mwendeshaji. Mwendeshaji aliyesahihisha maandishi yake kabla ya sekunde hizo kwisha, masahihisho yake hayakuonekana na sehemu ya kwanza. Wahandisi wa watengenezaji walijaribu kuitokeza hitilafu hiyo wakashindwa, mpaka walipoelezwa kwamba ni lazima kupiga chapa upesi, kama afanyavyo mtu aliyeizoea kazi. Waliokuwa wakijaribu polepole hawakuona kitu. Kadhalika, tarehe 14 Agosti 2003, watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Sababu za kukatika huko zilikuwa kadhaa, lakini mojawapo ilikuwa kwamba programu ya kengele katika chumba cha uongozaji huko Ohio ilikuwa imenyamaza, na waliokuwa zamu hawakujua kuwa imenyamaza. Wachunguzi walikuja kutambua kwamba michakato miwili ilikuwa imegusa data moja kwa wakati mmoja.

Jim Gray, aliyekuwa mtaalamu wa kampuni ya Tandem, aliandika mwaka 1985 kuhusu hitilafu zinazotoweka mara mtu anapojaribu kuzitazama, akazitaja kwa jina lililotokana na la mwanafizikia Heisenberg. Jina hilo lilipendwa, na pengine limependwa kupita kiasi, kwa maana limewafanya watu wengi waione tabia hiyo kuwa kama sheria ya maumbile ambayo hapana awezaye kuibadili. Waama hitilafu haina haya ya kutazamwa. Inatoweka kwa sababu chombo cha kutazamia kimebadili mwendo wa kazi, na mabadiliko yanayofanywa na chombo kilichotengenezwa na binadamu yanaweza kuelezwa na kutangazwa.

Dawa ya tatizo la makarani wawili imejulikana tangu zamani. Ni kuifanya ile kazi ya kusoma na kuandika isigawanyike, yaani asiweze mtu mwingine kuingia katikati. Kompyuta za IBM za mfululizo wa System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, zilikuwa na amri moja iliyopima biti na kuiwasha kwa pigo moja. System/370, iliyofuata mwaka 1970, ikaongezewa amri ya kulinganisha na kubadilisha. Prosesa za ukoo wa Intel nazo zina kiambishi kiitwacho LOCK, ambacho kikitangulizwa mbele ya amri fulani huzuia prosesa nyingine zisiiguse data hiyo mpaka amri iishe. Katika mashine za namna hiyo diboga haina shida yoyote. Kazi isiyogawanyika ni amri moja, na hatua ya diboga ni amri moja. Katizo huja baada ya amri wala si ndani yake.

Tatizo lilizaliwa na njia ya pili. Mwaka 1987 wataalamu watatu wa maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani walipendekeza kwamba badala ya amri moja nzito, ziwepo amri mbili nyepesi. Ya kwanza husoma idadi kutoka katika kumbukumbu na papo hapo kuweka alama kwamba mahali hapo panaangaliwa. Ya pili huandika kwa sharti: ikiwa alama ingalipo, huandika na kutoa taarifa kwamba imefaulu, ikiwa alama imefutika, haiandiki kitu na hutoa taarifa kwamba imeshindwa, na programu hurudi mwanzo ikasoma tena. Kati ya amri hizo mbili mtunga programu ana uhuru wa kuweka hesabu yake, mradi iwe fupi. Njia hii iliwapendeza wasanifu wa prosesa sahili. Ilitumiwa katika MIPS, katika Alpha ya kampuni ya Digital iliyotolewa mwaka 1992, katika PowerPC, na katika ARM, ambayo ndiyo iliyomo karibu katika kila simu ya mkononi inayouzwa leo Kariakoo au mahali pengine popote.

Lakini ni nini kinachoifuta alama? Prosesa nyingine ikiandika mahali pale pale, alama hufutika. Hilo ndilo kusudi lake. Hufutika pia prosesa ikikatizwa, kwa kuwa baada ya katizo hapana awezaye kuwa na hakika ni programu ipi iliyopata zamu na imefanya nini. Katika usanifu wa ARM wa toleo la 8, kurudi kutoka katika katizo kunaifuta alama kwa mujibu wa sheria ya usanifu wenyewe. MIPS ni vivyo hivyo. Katika PowerPC kazi hiyo imeachiwa mfumo endeshi. Msomaji atakuwa amekwisha kuona mambo yanakoelekea. Mwanafunzi anaipita amri ya kwanza kwa hatua moja ya diboga, na alama inawekwa. Diboga inakatiza, inamwonyesha, inamngoja, inarudi; alama imefutika. Anapiga hatua nyingine, akafika kwenye amri ya kuandika kwa sharti. Inashindwa. Programu inarudi mwanzo, alama inawekwa upya, diboga inaifuta upya. Aketi hapo mpaka jua lichwe, hatatoka katika mzunguko huo, ilhali programu yake haina kosa hata moja. Anayezunguka si programu bali ni chombo chenyewe kinachojikanyaga.

Watengenezaji wa diboga waliligundua jambo hili, na dawa yao ni ya busara. Mfano ulio wazi ni diboga iitwayo GDB, ambayo Richard Stallman aliianza mwaka 1986 na ambayo hutolewa bure pamoja na maandishi yake ya asili, hata kila anayetaka anaweza kuyasoma. Inapotakiwa kupiga hatua moja katika PowerPC, Alpha, MIPS au ARM ya toleo la 8, GDB huitazama kwanza amri iliyo mbele yake. Ikiwa ni ile ya kusoma na kuweka alama, husoma amri zinazofuata, moja baada ya nyingine, mpaka kikomo cha 16, ikiitafuta ile ya kuandika kwa sharti. Ikiipata, huweka kituo baada yake, na kama kati yake pana njia panda ya kutokea nje, huweka kituo kingine huko inakoelekea. Kisha huiachia prosesa ikimbie. Amri zote za katikati hutekelezwa kwa mfululizo bila kukatizwa, alama haiguswi, na mtazamaji hujikuta ng'ambo ya pili.

Dawa hiyo ni sahihi, wala hapana iliyo bora zaidi kwa prosesa za aina hiyo. Linalostahili kulaumiwa ni ukimya. Mwanafunzi aliomba hatua moja. Amepewa hatua nne, au saba, na hakuambiwa neno. Asipokuwa mwangalifu kuitazama anwani ya amri iliyopo, hatajua hata kwamba ameruka. Akiwa mwangalifu, atajua ameruka bali hatajua kwa nini, na aghalabu ataishuku kompaila, au ataishuku diboga, au atajishuku mwenyewe. Pale pale ambapo angejifunza kitu cha thamani kuhusu mashine yake, yaani kwamba kuna amri zisizoweza kutazamwa kwa ndani bila ya kuvunjika, chombo kimemvusha kama mtu aliyefungwa macho.

Ubaya wa ukimya huo huzidi pale ambapo dawa yenyewe haifanyi kazi. Diboga haiulizi prosesa mfululizo unaishia wapi, maana prosesa haina jibu. Inakisia kwa kuzisoma amri. Mfululizo ukiwa mrefu kupita 16, au ukiwa na njia panda nyingi kuliko zile ambazo watengenezaji walizitarajia, diboga huacha kukisia na kurudia mwendo wake wa kawaida, na ule mzunguko usiokwisha unarudi pamoja nao. Hapo pia haisemi kitu. Hivyo mtu yule yule, kwa kitufe kile kile, mara anarushwa na mara ananaswa, naye haonyeshwi tofauti iliyopo kati ya hali hizo mbili.

Wako watakaosema kwamba mafundi wazoefu wanayajua haya, na kwamba chombo kinachotoa maonyo kila mara huchosha. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini inawasahau wengi. Mfululizo wa namna hii hauonekani katika kila mstari wa programu; hupatikana katika kufuli, katika vihesabio na katika foleni zinazotumiwa na mikondo mingi kwa pamoja, yaani mahali pachache palipo nyeti. Sentensi moja inayosema kwamba amri kadhaa zimepitwa kwa pamoja kwa kuwa hazigawanyiki haitamchosha fundi, na akitaka kuizima na aizime. Mafundi hao wazoefu nao, laiti wangeulizwa walijifunzaje, wengi wangekiri kwamba walipoteza siku nzima katika ule mzunguko.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba wakati utalimaliza tatizo lenyewe. Ni kweli kwamba usanifu wa ARM wa toleo la 8.1, uliotangazwa mwaka 2014, uliongeza amri moja moja zisizogawanyika zinazofanana na zile za IBM na Intel, na kwa hizo hatua ya diboga haina matata. Lakini prosesa ziitwazo Cortex-A53 na Cortex-A72, zilizomo katika simu nyingi za bei nafuu na katika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, ni za toleo lililotangulia na hazina amri hizo. Kwa hiyo kompaila ya GCC, tangu toleo lake la 10 la mwaka 2020, huweka katika programu njia zote mbili, na programu yenyewe huchagua njia ya kupita baada ya kuitambua mashine inayoiendesha. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wawili wenye programu moja, mmoja akiwa na mashine mpya na mwingine akiwa na ya zamani kidogo, huona mambo mawili tofauti katika diboga moja. Katika nchi ambamo vyombo hutumiwa mpaka vichakae, hali hiyo haitakwisha kesho wala kesho kutwa. Zaidi ya hayo, usanifu mpya wa RISC-V, unaovutia vyuo vingi kwa kuwa hautozwi ada, umeichukua tena ile njia ya amri mbili. Tofauti ni kwamba waliouandika wameweka sheria kwa maandishi: mfululizo usizidi amri 16, zikae mfululizo katika kumbukumbu, na kati yake isiwemo amri nyingine ya kusoma wala kuandika kumbukumbu, ukitimiza masharti hayo, usanifu unatoa dhamana kwamba kazi itasonga mbele. Afadhali hivyo.

Kwamba maelezo yaliyo wazi ni ya lazima lilionekana vizuri mwezi Mei 2018, tena katika ukoo wa Intel ambao hapo juu umesifiwa kuwa hauna shida. Tangu enzi za 8086, ukiziondoa zile za mwanzo kabisa zilizotoka kiwandani na dosari, amri ya kubadili rejista ya SS huzuia makatizo mpaka amri inayofuata iishe. Kusudi ni jema: rejista mbili zinazoonyesha mahali pa rundo zibadilike kwa pamoja, asije mtu akakuta moja mpya na moja ya zamani. Kwa hiyo amri mbili zimefungwa kuwa kama moja, na wanaotumia diboga katika mashine hizo wamezoea kuona amri ya pili ikirukwa. Ila haikuelezwa vya kutosha itakuwaje ikiwa amri hiyo ya pili ndiyo inayoita mfumo endeshi. Jibu ni kwamba katizo la diboga lililocheleweshwa hufika wakati prosesa imekwisha kuingia ndani ya mfumo endeshi, kabla mfumo haujajipanga kulipokea. Watafiti wawili walilitangaza jambo hilo mwaka huo, na ikadhihirika kwamba waliotengeneza Windows, Linux, macOS na FreeBSD, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wameyaelewa vibaya maandishi ya watengenezaji wa prosesa. Wote iliwabidi kutoa marekebisho ya usalama. Wataalamu wa daraja la kwanza wakikosea hivyo kwa sababu ya jambo lisilotamkwa, sembuse mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Wanaotengeneza diboga yapasa basi waongeze sentensi ile moja, na kwa vyombo ambavyo maandishi yake yako wazi hapana kinachowazuia walimu na wanafunzi wa Afrika Mashariki kuiongeza wenyewe na kuituma kwa wanaovitunza. Kwa upande wa vyuo, somo la kusaka hitilafu lisifundishwe kama ufundi wa kubonyeza vitufe tu. Zoezi moja la maabara linatosha, nalo halihitaji mashine ya gharama. Mwanafunzi apewe kihesabio kinachoongezwa na mikondo miwili, kila mmoja mara milioni moja, bila ya ulinzi wowote. Aone jumla ikipungua milioni mbili, kisha aipitishe hatua moja moja na kuona kila hatua ikiwa sahihi. Baadaye abadilishe kihesabio hicho kitumie amri zisizogawanyika, katika mashine yenye zile amri mbili za ARM, ambazo huandikwa LDXR na STXR. Apige hatua na aone diboga ikimrusha. Mwishowe aweke kituo kwa mkono wake mwenyewe kati ya amri hizo mbili, aiachie programu, na kila isimamapo asome rejista ambayo STXR huandikia taarifa yake, ambayo huwa 0 ikiwa imefaulu na 1 ikiwa imeshindwa. Atakuta 1. Ataiachia tena, na atakuta 1 tena, na itaendelea kuwa 1 mpaka atakapokiondoa kituo alichokiweka.